Bakuli la Kufuru

Meru, mlimani
12 Julai 1936

Shemeji Efraimu,

Pokea salamu za Mama na zangu. Hatujambo kwa kiasi chetu. Ukungu umeshuka tangu mwezi wa sita na hauna haja ya kwenda kwao, nguo hazikauki, kahawa inaiva kwa uvivu, na mama yako anakohoa, ila nguvu za kunigombeza bado anazo.

Nakuandikia kwa sababu wewe uko Tanga, kwa wenye Kiswahili chao, na mimi nina neno moja linaloninyima usingizi. Kufuru ni nini hasa? Usinicheke. Najua tulifundishwa wote darasa moja.

Unakumbuka wazee wa kanisa walivyosema juu ya kaka yako. Tulipomzika Eliamini wetu baada ya surua ile, Sumari alisimama kaburini, akatazama juu, akamwambia Mungu maneno kwa Kimeru ambayo sitayaandika kwa lugha yoyote. Kisha akaniacha pale na udongo mikononi, akashika njia ya juu, ya msituni, ambako hakuna nyumba ya mtu. Wazee wakasema, Sumari amekufuru. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona.

Sasa Jumapili iliyopita mwinjilisti Thomasi amehubiri kwamba dhambi zote zina msamaha ila moja. Akapaza sauti: “Kufuru hatasamehewa, leo wala milele.” Watu wakaitikia amina. Nyumbani nikamwekea chakula, akakisukuma. Akaniuliza, “Mama Eliamini, huyo Kufuru ni mtoto wa nani?”

Nilidhani ananitania. Kesho yake akapika loshoro kwa mkono wake, mahindi na maziwa ya mgando, akajaza lile bakuli la mti, akatoka nalo mchana kweupe akapotea kwenye ukungu. Aliliweka kule juu mpakani, shamba linapokutana na msitu. Chini ya bakuli aliweka jani la isale lililofungwa fundo, kama tunavyompelekea mtu tuliyemkosea, naye akishaliona hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Akasema jani ni la Kufuru, akishashiba aende nalo kwa Mungu.

Nikasema mbwa watakula. Jioni nilikwenda kuchukua bakuli. Lilikuwa tupu, limeoshwa, limefunikwa juu ya nyasi likauke. Mbwa haoshi bakuli, shemeji.

Kama Sumari amepita huko kwako, au umesikia lolote, niambie. Usinifiche.

Shemeji yako,
Tabea

Tanga
9 Agosti 1936

Shemeji Tabea,

Barua imefika, nimeisoma mara nyingi. Mimi ni mzima. Huku mvua zimeanza na kuacha, joto limerudi, mkonge unakatwa kila siku na ghala langu limejaa hadi mlangoni. Bwana wa shamba bado hanipi ruhusa ya kusafiri.

Kuhusu neno lako. Nilimuuliza mama mwenye nyumba yangu, Mswahili wa hapa hapa, akashangaa kwamba mtu mzima anauliza jambo hilo. Kwao ni neno la kila siku. Mtu akilalamika jua ni kali, anaambiwa usikufuru. Tajiri akichinja ng'ombe wengi kwa arusi ya siku moja, watu husema hiyo ni kufuru. Na mtu akimtukana Mungu, hiyo ndiyo kufuru yenyewe, na hapo hata yeye alishusha sauti.

Kwa hiyo mweleze Mama taratibu. Kufuru si mtu. Ni tendo, kama vile wizi au uchoyo. Hana mama, hana kinywa, wala hali loshoro. Nadhani ni wachungaji wa ng'ombe wanaopita pale mpakani ndio wanaokula, na adabu ya kuosha chombo wanayo.

Kuhusu yale mengine, Tanga ni mji mkubwa. Watu wanashuka kwenye gari la moshi kila juma kutoka bara, na ni vigumu kujua nani kaja na nani kaondoka. Mvua zikipungua nitaulizia.

Mtunze Mama. Ajifunike kifua.

Wako,
Efraimu

Meru, mlimani
30 Agosti 1936

Shemeji Efraimu,

Nilikuuliza juu ya mume wangu ukaniandikia juu ya mvua. Haya, nimesikia kwamba Tanga kunanyesha.

Mama nimemweleza. Nilimwambia, Efraimu anasema Kufuru si mtu, ni kama wizi. Akaniuliza kama nimewahi kuona wizi umekaa mpakani ukila ukamaliza. Nikamwambia ni wachungaji. Akasema wachungaji wanapita na ng'ombe na mbwa na kelele, na pale hakuna hata kinyesi cha ng'ombe. Hilo ni kweli. Nimekwenda kuangalia. Nyasi zimelala mahali pamoja tu, kama mtu anapokalia kila siku.

Mzee Eliasi wa kanisa amemwona na bakuli. Ameuliza linakwenda wapi, na Mama, unavyomjua, hakuona sababu ya kuficha. Akamjibu, “Nampelekea Kufuru.” Kijiji kizima sasa kinajua. Wanawake kisimani wananyamaza nikifika.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku hizi napika mimi. Mama anachoka, basi napika mimi na yeye anabeba. Ninaongeza maziwa kama Sumari anavyopenda. Unakumbuka alivyokuwa akila, bado umeshika kata yeye ameshafika chini anakwangua, na Mama akimwambia hakuna anayekufukuza. Wazee walisema amekufuru. Mama na Kiswahili chake cha kanisani amesikia amekuwa Kufuru. Nilipofahamu hivyo nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaenda kukamua. Maana Mama anaweza kukosea neno na asikosee mtu. Kama mwanawe yuko msituni ana aibu ya kushuka, nani mwingine angemjua?

Mwambie mama mwenye nyumba yako ahsante. Mimi naendelea kupika.

Tabea

Usharika wetu, Meru
14 Septemba 1936

Kwa ndugu Efraimu, Tanga

Ndugu mpendwa katika Bwana,

Nakuandikia kwa moyo mzito juu ya mama yetu Hanna. Yeye ni mbatizwa, na katika wazee wote wa mlima huu hakuna aliyejifunza kwa bidii kama yeye akiwa na mvi tayari. Lakini tangu Julai anapeleka chakula msituni na kusema kwamba ni cha Kufuru. Wazee wa kanisa wanaona ni tambiko. Mzee Eliasi anasema ni zaidi ya tambiko, kwamba kumlisha Kufuru ni kufuru.

Shauri limekatwa hivi. Mama asimame mbele ya usharika, aseme kwa kinywa chake kwamba Kufuru si mtu, na aache. Akikataa, atatengwa. Unajua maana yake. Aliyetengwa hazikwi katika makaburi ya kanisa, na Mama alishajichagulia nafasi yake pale, ubavuni mwa mjukuu wake. Ameniambia mara nyingi kwamba mtoto yule alikuwa anaogopa kulala peke yake.

Mimi nimekwenda kwake. Alinikaribisha vizuri, akanipa maziwa, akaniuliza: “Mwalimu, huyu Kufuru akifika kwa Mungu na isale mkononi, Mungu atakataa? Hata sisi hatukatai.”

Wewe ndiye mwanawe uliyebaki. Mwandikie. Ila tuma barua kwangu nimsomee mwenyewe, maana za nyumbani husomwa na Tabea, na Tabea siku hizi hataki kusikia.

Mimi mtumishi mwenzako,
Thomasi, mwinjilisti

Tanga
27 Septemba 1936

Mwinjilisti Thomasi,

Salamu. Nimepata barua yako. Sina wadhifa wa kumfundisha mwinjilisti, lakini naomba nikuulize jambo dogo la lugha.

Tabea ameniandikia maneno uliyohubiri. Ulisema “Kufuru hatasamehewa.” Mtoto hatasamehewa, jirani hatasamehewa, hapo ni sawa, ni watu. Kufuru si mtu. Ulipaswa kusema haitasamehewa, kama vile nyumba haitajengwa na njia haitafungwa. Silabi moja tu, Mwalimu. Wewe na mimi Kiswahili tumekipata ukubwani, na kwetu kosa hilo ni jepesi. Lakini mama yangu alikaa benchi la mbele akasikia kwamba kuna mtu, na kwamba mtu huyo hatasamehewa milele.

Waambie wazee kosa ni la mimbari, si la mama. Nadhani hilo litatosha. Mengine sina la kuongeza kwa sasa.

Efraimu

Meru, mlimani
18 Oktoba 1936

Shemeji,

Nimemwona.

Mama hawezi kutoka tena, kifua kimembana. Juzi nilibeba bakuli mwenyewe. Ilikuwa kama saa sita, ukungu mzito hata migomba ya karibu haionekani mpaka uiguse. Niliweka bakuli, nikaweka jani, nikarudi hatua chache nikasimama nyuma ya mgomba. Sikusikia mtu akija. Nilipochungulia, alikuwa ameshakaa.

Alikuwa amenipa mgongo. Ana mabega ya mwanamume, amejifunika kitu cha kijivu, labda blanketi, labda ni ukungu wenyewe. Alikuwa anakula. Alikula polepole sana, tonge, kisha anangoja, kisha tonge, kama mtu aliyesahau namna ya kula na anajifunza. Ndege wote walikuwa wamenyamaza, hata kijito chini ya shamba sikukisikia, nikawa nasikia kutafuna tu.

Nikaita, “Baba Eliamini.”

Akaacha kula. Hakugeuka. Aliinamisha kichwa, akabaki hivyo. Kama angegeuka, sijui ningefanya nini. Nilitaka ageuke, na nikamwomba Mungu asigeuke, yote kwa pamoja. Halafu ukungu ukafunga, ulipofunguka palikuwa na bakuli, limeoshwa, lina matone. Pale juu hakuna maji, shemeji. Kijito kiko chini.

Nilimweleza Mama. Nikamwambia, amekaa hivi na hivi, mabega hivi, anakula polepole. Mama akanitazama kwa huruma, si kwa furaha niliyoitazamia. Akasema tu, “Usimwite tena kwa jina hilo.”

Thomasi alisimama Jumapili akakiri kosa la silabi mbele ya watu wote. Ilimgharimu. Wazee wakasema vyema, sasa Mama akubali kwamba hakuna mtu, mambo yaishe. Mama akasema hawezi kusema hakuna mtu wakati mtu anakula. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Shemeji, kama unajua kwamba Sumari yuko hai, sema sasa, nimpeleke mbele yao kwa mkono. Nitakwenda kukaa pale mpakani mpaka ageuke.

Tabea

Tanga
1 Novemba 1936

Mwalimu Thomasi,

Msomee Mama barua hii akiwa peke yake. Mpeleke Tabea kokote, mwambie kuna kahawa ya kuanika, umtoe nyumbani.

Sumari amekufa. Alifika kwangu mwezi wa tatu, baada ya kuuzunguka mlima kwa upande wa juu na kushukia reli. Alikuwa ameshaoza mapafu. Nilimlaza chumbani kwangu wakati wa masika, akafa Aprili mikononi mwangu, nikamzika hapa Tanga.

Nilitaka kumwita mchungaji, akakataa. Alisema amekwisha kumwambia Mungu aliyokuwa nayo na hana la kuongeza. Siku za mwisho alikuwa na njaa. Hakuweza kumeza kitu, lakini alikuwa anataja loshoro. Nitapata wapi loshoro Tanga? Nilimpa uji, ukatoka. Alikufa akisema ana njaa, Mwalimu, na hayo ndiyo yaliyonifunga mdomo. Sikuweza kumwandikia mama mtu habari kama hiyo, na kila barua ambayo ningemwandikia Mama, Tabea ndiye angeisoma kwa sauti. Nilianza barua hiyo nikaichana, nikaanza nyingine. Baadaye Tabea akaniuliza wazi, nami nikamjibu mvua.

Basi mwambie Mama kwamba anayekula si Sumari. Mwanawe hayuko msituni. Amwache huyo, asimame mbele ya wazee, apate nafasi yake kwa mjukuu wake. Ni hilo tu ninalomwomba.

Na mimi, Mwalimu, mwaka huu wote nimelala kitanda kile kile alichofia.

Efraimu

Usharika wetu, Meru
29 Novemba 1936

Ndugu Efraimu,

Mama yetu Hanna amelala Jumanne. Naomba ukae chini usome.

Nilimsomea barua yako kama ulivyoagiza. Tabea nilimtuma kwenye kahawa. Nilisoma mpaka mwisho, pamoja na habari ya njaa, kwa kuwa sikuona haki ya kuiruka. Mama hakulia. Akasema, “Najua amekufa. Aprili kifua changu kilikauka kama siku niliyomwachisha ziwa.” Nikamwambia, basi Mama, unaona huyo wa mpakani si mwanao. Akasema, “Nani alisema ni mwanangu? Sumari hali polepole namna ile.”

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini aliendelea kumpikia.

Nakuandikia alivyojibu, kwa Kimeru, na mimi nageuza kwa shida. “Ulisimama kanisani ukasema kuna mmoja ambaye hatasamehewa milele. Ninyi mkasema amina, mkaenda nyumbani kula. Mimi sikuweza kula.”

Nikamwambia ni kosa langu, hakuna mmoja kama huyo, ni silabi. Akanishika mkono, mkono wake ulikuwa moto. Akaniuliza, “Na anayekula ni nani, Mwalimu?” Nikamwomba aseme tu maneno yale mbele yangu, hakuna mtu, nami ningewapelekea wazee, angezikwa anapopataka. Nilimwona akimfikiria mtoto yule. Kisha akasema, “Eliamini ana wenzake pale. Huyu hana.”

Nilipoinuka nikakuta Tabea amesimama mlangoni na ungo wa kahawa. Sijui alikuwapo tangu lini. Aliuweka ungo chini taratibu, hakumwaga hata punje, akatoka.

Wazee hawakulegea. Tulimzika mpakani, kwenye masale. Sikuvaa kanzu, lakini niliomba, na kwa hilo nitaitwa mbele yao. Tulikuwa watu wachache na ukungu. Tulipokuwa tukiimba, nilihesabu sauti kwa mazoea ya mwalimu wa kwaya, na sauti ya besi ilikuwa moja zaidi. Ilikuwa haijui maneno, ilikuwa inafuata tu. Hakuna aliyegeuka kutazama.

Tangu hapo sihubiri andiko lile la kufuru. Nikifika kwenye mstari ule napita.

Thomasi

Tanga
20 Desemba 1936

Shemeji Tabea,

Thomasi ameniandikia kwamba ulikuwa mlangoni.

Sina la kujitetea. Nilikuona kila niliposhika kalamu, umeketi kizingitini unamsomea Mama, na ukifika kwenye jina lake sauti inakatika. Nikasema nikuepushie. Nilikuacha ukimpikia mume aliyekwisha kufa, na ukaongeza maziwa. Hilo la maziwa linaniua.

Ningekuwa nyumbani ningekuja na isale mpaka mlangoni, nikalishika hapo mpaka ulipokee. Huku halioti, au mimi sijaliona. Nina karatasi tu. Nisamehe.

Shemeji yako, kama bado unanikubali,
Efraimu

Tanga
31 Januari 1937

Shemeji,

Hukunijibu. Thomasi naye anasema hushuki kanisani wala sokoni, na moshi wa jikoni kwako hauonekani siku nyingine. Andika hata neno moja la matusi, nijue u hai.

Efraimu

Meru, mlimani
7 Machi 1937

Efraimu,

Niko hai.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilikukasirikia wewe na mvua zako, nikamkasirikia Sumari kwa kwenda kufa kwa watu, Mama kwa kujua na kuniacha nikipika, na Thomasi na silabi zake. Sikupika kitu cha kwenda mpakani. Nilisema kama yuko, afe njaa kama mume wangu. Mwenyewe pia sikupika. Nilikuwa nakula ndizi mbichi nikiwa nimesimama.

Mwezi uliopita nilikwenda kaburini kwa Eliamini. Hakuna aliyekuwapo, ni mchana, ukungu umekaa juu ya misalaba. Nikatazama juu nikayasema maneno yale ya Sumari. Niliyakumbuka yote, hakuna hata moja lililopotea, nikaongeza na yangu mwenyewe. Nilisema polepole ili yasikike vizuri. Kisha nikangoja. Hakuna kitu kilichotokea, shemeji. Matone yalikuwa yanadondoka kwenye majani tu. Nikafahamu kwamba sasa na mimi ni mmoja wao. Kama ni hatasamehewa au haitasamehewa, mimi nimeingia. Nikarudi nyumbani nikalala na viatu, siku hiyo na iliyofuata. Sikuogopa. Nilisikia baridi tu, na sikuwa na haja na mtu.

Asubuhi ya tatu kulikuwa na kitu mlangoni. Sikusikia hatua, ila ukimya ule ule wa kule juu, hata kuku hawakulia. Nilifungua.

Lilikuwa bakuli la Mama. Nililiacha juu mpakani tangu siku ya mwisho niliyopeleka, na nilidhani limeshaoza. Lilikuwa limejaa loshoro, ya vuguvugu bado, inatoa mvuke. Kwenye ukungu hakukuwa na mtu, au alikuwapo na mimi sikumwona. Chini ya bakuli palikuwa na jani la isale lenye fundo. Nimekwenda kuangalia kwenye kaburi la Mama, na pale limekatwa jani moja, kidonda chake bado kibichi.

Najua utasema ni Thomasi. Nilimuuliza. Akasema si yeye, akakaa chini hapo hapo njiani.

Basi nilikaa kizingitini nikala. Imepikwa vibaya, mahindi hayajaiva vizuri, maziwa yamezidi, ni kazi ya mtu ambaye hajawahi kumpikia mwingine. Sikuweza kula haraka. Kila tonge nilingoja kidogo, kisha lingine, na nikiwa katikati nikajiona, namna nilivyokaa na namna ninavyotafuna, nikajua ni nani aliyekaa hivi kabla yangu. Nililia mpaka nikamaliza. Kisha nikaliosha bakuli nikalifunika juu ya nyasi.

Leo nimepika. Nitapeleka kila siku, na Mzee Eliasi aandike anachotaka.

Barua yako ya Desemba nimeisoma tena. Ulisema ungekuja na isale mlangoni. Isale lililetwa, sijui ni kwa niaba ya nani, nami nimelipokea, kwa hiyo na wewe umesamehewa, huna haja ya kuniuliza tena. Bwana wa shamba akikupa ruhusa, njoo nyumbani. Kahawa imenishinda peke yangu.

Jani lenyewe Mama alisema ni la kwenda nalo kwa Mungu. Mimi bado niko hapa, sina safari ya karibu. Nimelikunja ndani ya barua hii. Lipeleke kwenye kaburi la Sumari ulifukie upande wa mkono wake wa kulia. Litafika limekauka, si neno, ila fundo lisifunguke.

Shemeji yako,
Tabea